Ukitimiza Miaka 18 Ukiwa Makaoni: Huduma za Serikali ya Uganda Zilizopimwa Moja Moja

Hukumu kwanza, kwa msomaji mwenye haraka. Serikali ya Uganda haina posho wala mfuko maalumu kwa kijana anayetoka makao ya watoto au familia ya malezi anapotimiza miaka 18. Kilichopo ni huduma za jumla: kitambulisho, mafunzo ya ufundi, mikopo ya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), mikopo ya wanafunzi, hospitali. Zimewekwa kwa ajili ya kila raia, na karibu zote humuuliza mtu swali moja mlangoni: wewe wa wapi? Kijiji kipi, nyumba ya nani, ukoo gani. Aliyekulia kwa shangazi yake hulijibu papo hapo. Aliyeokotwa akiwa mchanga na kukulia makaoni anaweza kukaa miaka akilitafutia jibu huku milango mingine yote ikimsubiri na kujifunga.

Kwa hiyo hapa kila huduma inapimwa kwa kipimo kimoja: je, kijana asiye na nyumba ya kurudi anaipata? Na ili aipate, ashike karatasi gani, na aanze lini? Maneno haya yanawahusu vijana wenyewe na pia wale wanaowalea, maana sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya siku ya kuondoka.

Kwa maandishi, nchi haiko nyuma. Sheria ya Watoto ilifanyiwa marekebisho makubwa 2016. Mfumo wa Taifa wa Malezi Mbadala wa 2012 unaweka makao kuwa hatua ya mwisho kabisa, baada ya ndugu, familia ya malezi na kuasili kushindikana. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala, aya ya 131 hadi 136, inataka kila mtoto aandaliwe mapema kwa maisha ya kujitegemea na afuatiliwe baada ya kuondoka. Kinachokosekana ni fedha zilizotengwa kwa jina la kijana huyo. Uingereza, tangu sheria ya 2017, kijana aliyelelewa na serikali ana haki ya mshauri wake binafsi mpaka miaka 25. Marekani ina mpango wa Chafee tangu 1999, wenye vocha ya masomo ya hadi dola 5,000 kwa mwaka. Uganda kazi hiyo yote imeachiwa mtu mmoja wilayani.

Afisa wa probesheni na ustawi wa jamii

Ndiye anayepeleka maombi ya amri ya malezi katika Mahakama ya Familia na Watoto, anayekagua makao, anayetafuta ndugu, na anayepaswa kumtembelea mtoto aliyerudishwa nyumbani. Ofisi hiyo hiyo hupokea kesi za matunzo, watoto waliokinzana na sheria na migogoro ya familia, mara nyingi bila usafiri wa uhakika. Ukimkuta mezani kwake asubuhi moja, usitegemee kwamba wiki ijayo utamkuta tena. Omba namba ya simu ya ofisi na uandike jina la faili lako.

Jambo la kulielewa vizuri ni muda. Amri ya malezi haizidi miaka mitatu, au hukoma mtoto akifika miaka 18, lolote litakalotangulia, na inapaswa kupitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Baada ya siku ya kuzaliwa ya 18 afisa hana tena amri ya mahakama inayomfunga kwako. Anaweza kukusaidia kwa utu wake, lakini faili limeshafungwa na kazi nyingine zimepanga foleni. Kila karatasi inayohitaji sahihi yake iombwe ukiwa na miaka 16 au 17.

Karatasi zenyewe ni hizi: nakala ya amri ya mahakama, fomu ya kupokelewa makaoni, taarifa ya kutafuta ndugu hata kama haikumpata mtu, kadi ya chanjo kama ipo, matokeo ya PLE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi) na UCE (wa kidato cha nne), na barua ya afisa inayoeleza ulikopatikana, lini, na umelelewa wapi tangu hapo. Kama uliokotwa, kituo cha polisi kilichopokea taarifa kiliandika katika daftari lake, na andiko hilo lina namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Namba hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa zamani kabisa kwamba ulikutwa ndani ya Uganda ukiwa mdogo. Toa nakala mbili za kila kitu, moja ithibitishwe na wakili au hakimu, na piga picha zote uzihifadhi katika barua pepe yako.

Kinachoharibika mara nyingi: makao mengi yamefanya kazi bila kibali cha wizara, kwa hiyo watoto wake hawakuwahi kupelekwa mahakamani na hakuna amri yoyote. Makao kama hayo yakifungwa, mafaili hutawanyika. Kijana wa aina hiyo asisubiri. Aende kwa afisa wa wilaya makao yalipo, pamoja na mlezi mmoja aliyemfahamu tangu utotoni na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijiji hicho, aombe barua ya maelezo ikiwa mashahidi bado wapo hai na wanakumbuka.

Alama: 2 kati ya 5. Sheria imempa afisa kazi nzuri, lakini haijampa mtu wa kumsaidia wala shilingi ya kumwachia kijana mkononi.

NIRA: kitambulisho cha taifa

NIRA ni mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili wa watu, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako zote. Bila NIN, namba ya utambulisho wa taifa, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, bila laini huna pesa za simu, na bila hizo hupokei mkopo wa parishi. Akaunti ya benki, pasipoti, kazi rasmi, mkopo wa chuo, vyote vinapita hapa.

NIN hutolewa hata kwa mtoto, na kadi yenyewe hutolewa kuanzia miaka 16. Makao mengi husubiri mtoto afike 18 ndipo yamtume NIRA. Hilo ni kosa la kuliepuka. Mtoto huletwa na mlezi, afisa wa probesheni akiwa nyuma yake na karatasi zake. Mtu mzima anayejiandikisha kwa mara ya kwanza huulizwa mengi zaidi: kwa nini hukujiandikisha, wazazi wako wako wapi, namba zao za NIN ni zipi, ni nani anayekufahamu. Wilaya za mpakani kama Koboko, Arua na Busia, ambako Kiswahili husikika sokoni pande zote mbili za mpaka, maswali huongezeka, na sahihi ya maafisa wa usalama wa gombolola (ngazi ya utawala iliyo juu ya parishi) inaweza kuhitajika. Kijana asichukulie kuwa ametukanwa. Ajibu kwa utulivu na aweke karatasi mezani.

Fomu inauliza kabila, ukoo na wazazi kwa sababu uraia wa kuzaliwa nchini Uganda umefungwa na makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, yaliyoorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Katiba. Anayejua kabila la mama au baba aliandike. Asiyejua asijitungie ukoo, wala asikubali kuazimwa jina la mzazi na jirani mwenye huruma. Taarifa ya uongo ni kosa la jinai, na siku ya kurithi au kuoa ukoo huo wa kuazima utaleta balaa. Njia halali ipo: Ibara ya 11 ya Katiba inasema mtoto asiyezidi miaka mitano aliyekutwa Uganda na wazazi wake hawajulikani atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ndiyo maana namba ya SD, fomu ya kupokelewa na amri ya mahakama ni dhahabu, kwa kuwa zinaonyesha umri wako ulipopatikana. Karani wa dirishani anaweza asiwe amewahi kushughulikia jambo la namna hii. Mtajie ibara, na kama bado anasita, omba kuonana na msimamizi wa ofisi ya wilaya ya NIRA. Kwenda na afisa wa probesheni ana kwa ana hufupisha mazungumzo haya kuliko barua yoyote.

Kijiji cha kuandika kiwe kile ambacho LC1 wake atasimama kukutetea. Kwa wengi ni kijiji cha makao. Wengine hutaka kuandika kijiji cha asili walichosikia tu kwa jina. Akipigiwa simu mwenyekiti wa huko na akasema hamjui mtu huyo, ombi hukwama.

Kuhusu majina, sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wameumizwa na jambo hili. Makaoni mtoto hupewa jina moja, shuleni linaandikwa jingine, na baba mlezi anaongeza la tatu. UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, itachapa cheti cha UCE kwa jina lililosajiliwa shuleni. NIRA itachapa lililo kwenye fomu yake. Yakitofautiana, chuo na mwajiri watakurudisha. Kulinganisha baadaye kunahitaji hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, tangazo katika Gazeti la serikali, kisha ada ya NIRA ya kubadili taarifa. Kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, mlezi akae na mtoto, wachague majina na mpangilio wake, tahajia moja, na tarehe moja ya kuzaliwa, kisha kila karatasi ifuate hiyo. Ni kazi ya saa moja.

Kadi ya kwanza haina malipo. Ikipotea, kuipata nyingine ni shilingi 50,000, fedha ambazo kijana anayepanga chumba kwa mara ya kwanza hana. Aiache kadi mahali salama na atembee na nakala. Tangu 27 Mei 2025 NIRA imekuwa ikiendesha usajili wa watu wengi pamoja na kubadilisha kadi za zamani, zile zilizotolewa kuanzia 2014 kwa muda wa miaka 10. Usajili wa namna hii unaposogea mpaka parishi, ni nafasi nzuri kwa makao kupeleka watoto wote kwa siku moja.

Alama: 4 kwa aliyeanza mapema na karatasi zake, 1 kwa aliyeanza akiwa na miaka 20 bila chochote.

Mafunzo ya ufundi

Kati ya yote, hii ndiyo huduma inayomfaa zaidi kijana aliyetoka makaoni, na naisifu bila kusita. Vituo vya ufundi vya kanda vilivyoanzishwa na Ikulu, 19 nchini, hutoa kozi za miezi sita bila ada, na wanafunzi hulala na kula hapo hapo. Ushonaji, ususi, useremala, uchomeleaji, ujenzi, uokaji, utengenezaji wa viatu. Kampala kuna mradi dada wa kuwafunza wasichana ulioanza 2017. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii nayo ina vituo vyake vya vijana, kama Kobulin huko Napak na Ntawo huko Mukono.

Angalia kwa nini inamfaa. Haimwombi ardhi, haimwombi mdhamini, haimwombi kikundi, na inampa kitanda kwa miezi sita, kipindi kile kile ambacho vijana wengi hutangatanga. Mwenye akili atapanga tarehe ya kutoka makaoni ikutane na tarehe ya kufunguliwa kwa kozi, asipitishe hata wiki moja ya kulala kwa marafiki.

Uteuzi hupitia wilayani, kwa ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani) na maafisa wa maendeleo ya jamii, na nafasi hugawanywa kwa wilaya. Kijana asiye na mzazi wa kumfuatilia habari hujua nafasi zimeshajaa. Mlezi aandike barua mapema kwa ofisi ya RDC, aambatanishe barua ya LC1 na nakala ya kitambulisho, na aulize tarehe ya kundi lijalo kila mwezi. Unyonge wa kijana utajwe waziwazi katika barua, kwa maana nafasi hizi zimekusudiwa wasio na kitu.

Kasoro yake ni kinachofuata. Miezi sita inamtoa mtu anayeweza kushona sare ya shule lakini hana cherehani. Mwenye familia hurudi nyumbani, akala kwa mama, akakodi cherehani ya jirani. Huyu wetu analipa chumba kuanzia usiku wa kwanza. Kwa hiyo katika mwezi wa nne wa mafunzo aanze kutafuta fundi wa kumpokea kama msaidizi, si baada ya mahafali. Ahakikishe pia anapimwa na kupewa cheti kinachotambulika. Vyeti vya ufundi vya DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, hupima moduli moja moja, na mtu aliyejifunzia gereji bila kusoma hata sekondari anaweza kupimwa. Kazi hiyo ya upimaji imehamishiwa kwa bodi ya UVTAB chini ya sheria ya 2025, lakini vyeti vya zamani vya DIT bado ni mali, usivitupe.

Alama: 4.

Fedha: PDM, YLP na Emyooga

Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Kila parishi hupelekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha, zinazokopeshwa kupitia SACCO ya parishi, shilingi milioni moja kwa kila kaya, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Asilimia 30 ya fedha zimewekewa vijana. Riba ya shilingi 60,000 kwa mwaka kwa milioni moja ni nafuu mno ukilinganisha na wakopeshaji wa mtaani wanaotoza kiasi kama hicho kwa mwezi au zaidi.

Shida ni neno kaya. Mkopo ni wa kaya, na kijana aliyetoka makaoni jana hahesabiwi kuwa kaya na mtu yeyote. Lakini kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, na anayeishi peke yake akipika chungu chake ni kaya ya mtu mmoja. Hatua ni hizi. Ukishapanga chumba, nenda kwa LC1 siku hiyo hiyo ukaandikwe katika daftari la wakazi. Kisha mwone chifu wa parishi akuingize katika mfumo wa taarifa za PDM, kwa kuwa asiyeonekana humo haonekani popote. Jiunge na kikundi cha shughuli unayoitaka, kikundi kilichoandikishwa katika SACCO, na uhudhurie mikutano. Wanakikundi ndio watakaosema kama wanakujua. Fedha zenyewe huingia kwenye pochi ya simu ya Wendi ya Pearl Bank (zamani PostBank), hivyo laini iwe imesajiliwa kwa NIN yako mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mlezi au la rafiki itakukwamisha katika hatua ya mwisho kabisa, ukiwa umeshaidhinishwa.

Tarajia msimu mmoja au miwili ya kujulikana kijijini kabla ya jina lako kupita. Kwa hiyo kuhama hama ni hasara. Kila ukihama parishi unaanza upya.

Sasa, milioni moja inafanya nini? PDM imeelekezwa zaidi kwenye kilimo na ufugaji, na hapa ndipo vijana huungua. Wengi huchagua kuku wa mayai kwa sababu wameona makao yakifuga. Piga hesabu kabla ya kusaini: kuku mmoja wa mayai hula karibu kilo 7 hadi 8 za chakula tangu kifaranga mpaka yai la kwanza, wiki ya 18 hadi ya 20. Kuku 100 ni kilo 700 hadi 800 kabla ya kupata hata trei moja. Vifaranga, chanjo, banda na chakula hicho haviingii katika milioni moja. Fedha huisha kuku wakiwa na wiki kumi, mfugaji anawapunguzia chakula, wanachelewa kutaga, anawauza kwa bei ya nyama na kubaki na deni. Anayetaka kuku aanze na 25 au 30, au achukue wa kienyeji wanaojitafutia. Maharagwe hukomaa kwa miezi miwili na nusu hadi mitatu, na shamba la kukodi hulipwa kwa msimu, kwa hiyo fedha huzunguka haraka. Ila mkataba wa kukodi shamba uandikwe mbele ya LC1, ukitaja mipaka na mwezi wa kumaliza, kwa sababu mwenye shamba akiona maharagwe yamestawi anaweza kubadilisha maneno, na wewe huna mjomba wa kwenda kuzungumza naye.

YLP, mpango wa riziki za vijana ulioanza mwaka wa fedha 2013/14, ni wa wenye miaka 18 hadi 30, katika vikundi vya watu 10 hadi 15. Kikundi hupata hadi shilingi milioni 12.5 kwa ngazi ya kawaida. Hakuna riba ukirejesha ndani ya miezi 12, baada ya hapo ni asilimia 5 kwa mwaka. Gawanya: kwa watu 10 ni milioni 1.25 kila mmoja, kwa 15 ni kama 833,000. Kwa karatasi ni bora kuliko PDM, na haidai kaya. Kinachouvunja ni deni la pamoja. Vikundi vingi viliundwa wiki ya kuandika ombi, watu wakagawana fedha, wakatawanyika, na waliobaki kijijini wakadaiwa kwa niaba ya wote. Vijana waliokua pamoja makao mamoja wana kitu ambacho vikundi vingine havina, yaani wanajuana tabia tangu utotoni. Lakini wasiombe wote wakiwa wametoka makaoni tu. Waingize angalau watu watatu au wanne wenye nyumba na mashamba hapo kijijini, ili gombolola ione kikundi kina mizizi. Na waweke akiba pamoja miezi sita kabla ya kuomba, hata kama ni shilingi 2,000 kwa wiki kila mtu. Hapo mvivu atajulikana mapema.

Emyooga, ulioanza 2019, hufuata aina ya kazi: waendesha boda boda, mafundi seremala, wasusi, wauza mazao na wengineo, kila kundi na SACCO yake katika jimbo la uchaguzi. Unafaa kwa aliyekwisha kuwa na chombo cha kazi. Asiye nacho atasubiri tu.

PDM 3, YLP 3 kwa kikundi chenye akiba na 1 kwa kikundi cha haraka. Emyooga sitoi alama kwa mtu wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa haikumlenga.

Mkopo wa chuo

Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, hulipa ada ya masomo, ada za uendeshaji na gharama ya utafiti moja kwa moja kwa chuo. Haitoi fedha za chakula wala chumba. Kwa mwenye wazazi upungufu huo unazibika. Kwa kijana wetu ndio unaomwangusha muhula wa pili. Kabla ya kujaza fomu, awe na jibu la maandishi kuhusu chumba: makao yatalipa, kanisa au msikiti utalipa, au atasoma chuo kilicho karibu na mahali anapoweza kulala bure.

Fomu imejaa maswali ya wazazi: kazi, kipato, mali. Asiache wazi. Aandike kuwa amelelewa makaoni na aambatanishe amri ya mahakama na barua ya afisa wa probesheni, pamoja na vyeti vya vifo kama wazazi walifariki. Wadhamini wawili wanahitajika, na hapa makao yanaweza kusaidia kwa kutafuta watu wenye kazi ya kudumu waliokuwa wakimfahamu, mwalimu wa zamani kwa mfano. Fomu iliyoachwa mapengo husomeka kama ya mtu anayeficha mali.

Afya, kwa kifupi

Vituo vya serikali havitozi ada ya matibabu tangu 2001, ingawa dawa zikiisha utaelekezwa dukani. Jambo moja lisisahaulike: kijana anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU asiondoke makaoni bila barua ya uhamisho kutoka kliniki yake, yenye majina ya dawa, tarehe ya kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi na namba ya kliniki. Achukue pia dozi ya kumtosha mpaka miadi ya kwanza kwenye kituo kipya. Anayefika na mkono mtupu anaweza kuanzishiwa faili kama mgonjwa mpya. Wengine huona haya, wanarudi nyumbani, na dozi inakatika.

Simu ya 116, Sauti, hupigwa bure saa zote. Imewekwa kwa ajili ya watoto, lakini mlezi au ndugu mkubwa anaweza kuitumia kuripoti mdogo anayefukuzwa makaoni kabla ya 18 au familia ya malezi inayomtumikisha. Kesi hupelekwa kwa afisa wa wilaya husika.

Ardhi ya wazazi

Huduma hii haitajwi katika maandalizi ya kuondoka, na naona ni pengo kubwa. Watoto wengi wa makaoni wana angalau mzazi mmoja au ndugu aliye hai, na waliofiwa mara nyingi wameacha nyuma kipande cha ardhi kinachokaliwa na mtu mwingine. Chini ya marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022, marehemu asiyeacha wosia, asilimia 75 ya mali ni ya watoto wake, 20 ya mwenzi, 4 ya ndugu waliomtegemea na 1 ya mrithi wa kimila. Kulelewa makaoni hakukuondolei fungu lako.

Anza na cheti cha kifo cha mzazi na barua ya LC1 wa kijiji alichozikwa. Kisha nenda ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ambayo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya mahakama kutoa usimamizi wa mali. Uthibitisho kwamba wewe ni mtoto wa marehemu utatoka katika faili lile lile la makao: taarifa ya kutafuta ndugu, yenye majina ya shangazi au babu aliyehojiwa na afisa. Ukiwa Acholi, Lango au West Nile, ardhi iko chini ya mila, na kesi yake huanzia mahakama ya LC2 (baraza la parishi), siyo LC1. LC1 wengi husikiliza kesi hizo na kuandika hukumu, watu wanalipa ada, kisha mahakama ya juu inaifuta kwa kuwa haikuwa na mamlaka. Kwanza mwone mzee wa ukoo ukiwa na shahidi mmoja, ueleze kwamba umekuja kujulikana, na uombe kuonyeshwa kaburi la mzazi na mipaka. Andika tarehe, majina ya waliokuwepo na alama za mipaka, miti au mawe, na kila aliyekuwepo aweke sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka LC2 kama maneno yatageuka.